Elimu ya Mgandamizo Iliyoanzia Matopeni

Mwaka 2025 milima ya Upare ilipata habari moja kubwa ya maji, na ulimwengu wa wahandisi ukatimiza miaka 100 ya kitabu kimoja cha matope. Habari ya kwanza kila mtu wa Same na Mwanga anaijua. Mwezi Machi Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, ambao ujenzi wake ulianza 2014 ukasuasua hadi wengi wakaukatia tamaa. Ya pili haikupigiwa ngoma popote milimani: mwaka 1925, mjini Vienna, mhandisi Karl Terzaghi alitoa kitabu kiitwacho Erdbaumechanik, kuhusu namna udongo uliolowa unavyobeba mzigo. Humo ndimo zilimotoka hesabu ambazo leo humwambia mchorongaji wa gesi kama kisima chake kitatulia au kitamrukia usoni. Kutoka Shighatini, huko milimani Upare, hadi visima vya gesi vya pwani ya kusini ni safari ndefu, lakini jambo linalotawala huku na kule ni lile lile, yaani mgandamizo wa kimiminika kilichozuiwa. Makala haya yanadai kwamba kuutabiri mgandamizo huo ni kazi ya kumbukumbu kabla ya kuwa kazi ya hesabu, na kwamba Afrika Mashariki imetunza sifa za visima vilivyofaulu vizuri zaidi kuliko habari za vilivyoharibika.

Tuanze na maji, maana yanaonekana. Safu inayobeba Shighatini ina Ziwa Jipe upande wa mashariki na bwawa la Nyumba ya Mungu upande wa magharibi, na wenyeji wake wamekuwa wakiyaongoza maji kutoka misituni hadi mashambani tangu kabla ya ukoloni. Ndiva, yaani bwawa dogo la kukusanyia maji ya kumwagilia, hujazwa usiku na kufunguliwa asubuhi, kwa sababu kijito chembamba kikiachwa kitiririke moja kwa moja hunywewa na mfereji kabla ya kufika shambani. Kikikusanywa kwanza, hushuka kwa nguvu. Ukishalaza bomba mahali pa mfereji, jambo hilo huwa namba: kila mita 10 za kushuka huongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu. Bomba linaloshuka mita 500 bila kukatishwa hubeba mgandamizo huo mara 50, na ndiyo maana mafundi wa maji ya mserereko hujenga matangi ya kupunguza presha katikati ya mteremko. Mradi wa Same–Mwanga–Korogwe nao umejengwa juu ya kanuni hiyo hiyo, ambapo maji husukumwa kutoka bwawani hadi tangi la mlima Kiverenge, kisha yakaachiwa yashuke. Fundi akishajua kimo cha tangi, amejua mgandamizo wa bomba la chini. Hana haja ya kubahatisha.

Chini ya ardhi unafuu huo haupo, kwa sababu tangi halionekani. Maji yaliyo katika vitundu vya mwamba, kama yana njia ya wazi hadi juu, hufuata hesabu ile ile ya ndiva, mita 10 kwa mgandamizo mmoja wa hewa. Mwamba wenyewe ni mzito zaidi, na uzito wake huongezeka kwa zaidi ya mara mbili ya hapo kwa kila mita. Mchorongaji hufanya kazi kati ya namba hizo mbili. Hujaza kisima tope zito ambalo uzito wake huzuia kimiminika cha mwambani kisitoke. Tope likiwa jepesi, gesi huingia kisimani, hupanda huku ikitanuka na kulisukuma tope lote nje. Likiwa zito kupita kiasi, hupasua mwamba na kupotelea kwenye nyufa, kina cha tope kikashuka kisimani, na gesi ikaingia kwa mlango wa pili. Palipo na njia ya wazi nafasi kati ya makosa hayo mawili ni pana. Pale ambapo maji yamefungiwa chini na mgandamizo wake umekaribia uzito wa mwamba, nafasi hiyo hubaki nyembamba kama wembe, na mtu asiyejua mapema inaanzia mita ya ngapi huingia gizani.

Wachimbaji wa kwanza hawakujua, na kwa muda hawakujali. Mafuta ya Spindletop huko Texas, Januari 1901, yaliruka angani siku tisa, na watu wakapanda treni kwenda kutazama. Miaka ya 1920 ilileta tiba mbili ambazo zipo hadi leo, nazo ni kulitia tope unga wa baraiti ili liwe zito, na vali kubwa za kufunga mdomo wa kisima, ambazo James Abercrombie na Harry Cameron walizitengeneza Houston mwaka 1922. Zote ni dawa za mgonjwa aliyekwisha kuugua. Swali la kujua kabla liliulizwa kwanza na watu wasiokuwa na habari ya mafuta kabisa: wajenzi wa mabwawa na misingi ya majengo.

Terzaghi, mzaliwa wa Prague mwaka 1883, alikuwa Istanbul tangu 1916, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza alifundisha katika chuo cha Robert College huku akikandamiza vipande vya udongo kwa vyombo vya kuungaunga. Alichokiona, mfinyanzi yeyote wa chungu angekielewa. Ukiuminya udongo uliolowa, mzigo hauingii kwenye chembe za udongo mara moja, hubebwa kwanza na maji. Maji yanapopata pa kutokea, polepole, chembe husogeleana, udongo hukaza, na mzigo huhamia kwao. Mwaka 1923 aliliweka jambo hilo katika mlinganyo, na miaka miwili baadaye likawa kitabu. Sasa badilisha vipimo. Mahali pa kipande cha maabara weka tabaka la tope lenye unene wa mamia ya mita, lililozikwa chini ya mchanga wa mito kwa mamilioni ya miaka. Likizikwa haraka kuliko maji yanavyoweza kutoka, maji hubaki mle yakibeba mlima juu ya kichwa. Huo ndio mgandamizo ambao mchorongaji anauogopa, na tangu 1925 kanuni yake ilikuwa imekwisha chapishwa.

Kabla kanuni hiyo haijafika mafutani ilipita katika ugomvi ambao vitabu vya uhandisi huupa sentensi moja au huuruka. Makala haya yanamwegemea Reint de Boer, profesa wa Ujerumani aliyeuandikia kitabu mwaka 2005, na kwa sababu hiyo huenda yakamhurumia aliyeshindwa kuliko ilivyo desturi. Terzaghi alirudi Vienna mwaka 1929 kuwa profesa wa chuo cha ufundi. Katika chuo hicho hicho alikuwamo Paul Fillunger, profesa wa mekanika, mtu wa hesabu safi, ambaye tangu miaka ya 1910 alikuwa ameandika juu ya maji yanavyolisukuma bwawa la mawe kutoka ndani ya vitundu vyake. Wawili hao walipishana kwa muda mrefu kuhusu nguvu hiyo ya kuinua. Mwaka 1936 Terzaghi na mwenzake Otto Fröhlich walitoa kitabu cha kukokotoa namna majengo yanavyodidimia juu ya tabaka za mfinyanzi, na Fillunger hakuweza tena kuvumilia. Alichapisha kijitabu kwa gharama zake, akakipa jina la kitabu cha Terzaghi cha 1925 na kuongeza alama ya kuuliza mwishoni, kana kwamba anauliza kama elimu hiyo ipo kweli. Hakuishia kwenye hesabu. Aliwashambulia wenzake kwa heshima yao na uaminifu wao.

Terzaghi aliomba chuo kiunde tume, na tume ikapima hesabu za pande zote mbili, ikaona kwamba tuhuma za Fillunger hazina msingi. Adhabu ya kinidhamu ilikuwa inamkabili. Machi 1937, kabla mambo hayajafika mwisho, Fillunger na mke wake walijiua pamoja nyumbani kwao kwa gesi. Vienna ilizika maiti mbili, na pamoja nazo ikazika kijitabu. Miongo kadhaa baadaye, wataalamu waliokisoma kwa utulivu, de Boer mbele yao, waligundua kwamba ndani ya matusi mlikuwa na nadharia pana kuliko ya Terzaghi. Fillunger aliuhesabu mwamba na maji yake kama vitu viwili vinavyosukumana, kila kimoja na mlinganyo wake, na nadharia za kisasa za miamba yenye vitundu zimeurudia msimamo huo. Kwa hiyo Terzaghi alikuwa sahihi kwa kazi iliyokuwa mezani, na Fillunger alikuwa ameona mbali zaidi, lakini aliandika kwa namna ambayo hakuna aliyetaka kumsoma. Tume iliombwa iseme nani ana kosa, ikasema. Haikuombwa iseme ni nini katika maandishi ya mkosaji kinachofaa kuhifadhiwa. Kasoro hiyo inanihusu kuliko mkasa wenyewe, kwa sababu tutaikuta tena pwani ya Waswahili.

Mafutani kanuni ilipata mikono mwaka 1965, pale Hottman na Johnson wa kampuni ya Shell walipochapisha njia ya kuukadiria mgandamizo kutokana na vipimo vya visima vya Louisiana, Marekani. Waliutazama mwamba wa mfinyanzi peke yake. Kadiri unavyoshuka, mwamba huo hukaza, na sauti hupita ndani yake haraka zaidi. Ukichora kasi hiyo dhidi ya kina unapata mstari ulionyooka. Mahali ambapo mstari unakengeuka, sauti ikaanza kuchelewa wakati ilipaswa kuharakisha, mwamba haukukaza inavyostahili, maana maji yamefungiwa humo. Kiasi cha kukengeuka kikalinganishwa na mgandamizo uliopimwa hasa katika visima vya jirani, na hapo ndipo penye siri ya kazi nzima. Mwaka uliofuata wataalamu Jorden na Shirley walifanya vivyo hivyo kwa kasi ya kekee inavyokula mwamba, na Ben Eaton katika miaka ya 1970 akatoa mlinganyo ambao mchorongaji wa leo bado anaukuta katika programu yake. Njia zote hizi zinahitaji mambo mawili yasiyotoka katika mlinganyo wenyewe: mstari wa kawaida wa eneo husika, na kisima cha jirani kilichopimwa. Louisiana ilikuwa na visima kwa maelfu. Mlinganyo ulizaliwa katika nchi ya majirani wengi.

Sasa tuje kwetu, ambako majirani ni wachache. BP na Shell walipewa eneo la pwani ya Tanganyika na Zanzibar mwaka 1952, wakachoronga Mafia, Unguja na Pemba, wakaondoka mikono mitupu katika miaka ya 1960. Shirika la mafuta la taifa, TPDC, likaanzishwa 1969. AGIP ya Italia ikapata gesi Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Hayo yamo katika kila hotuba. Kisichomo hotubani ni kwamba kisima cha pili cha Songo Songo kilishindikana kudhibitiwa, gesi ikatoka yenyewe, na kisima kikapotea. Wala hatukuwa peke yetu: huko Pande, Msumbiji, kisima cha nne cha kampuni ya Gulf kiliruka mwaka 1965 na kuwaka kwa zaidi ya mwaka mmoja. Visima kama hivi huingia katika historia kwa aibu, na aibu ni mtunza kumbukumbu mbaya. Hata hivyo, kwa anayetaka kutabiri mgandamizo, kisima kilichoruka kimetoa kipimo ambacho kisima kilichokaa kimya hakiwezi kukitoa, kwa kuwa kimeonyesha uzito wa tope usiotosha katika kina kinachojulikana.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko kisiwani Pate, katika visiwa vya Lamu, Kenya. Mwaka 1971 BP na Shell walichoronga huko kisima cha Pate-1 hadi mita 4,188. Katika kina hicho maji yenye njia ya wazi yangekuwa na mgandamizo wa hewa mara 400 hivi. Walichokikuta kilizidi. Gesi iliingia kisimani kwa nguvu ambayo hawakuwa wamejipanga kuikabili, kisima kikaachwa, na kampuni zikahamisha macho yao kwingine. Ikapita miaka 47. Mwaka 2018 kampuni ya Zarara ilirudi Pate na kuchoronga Pate-2, kwa sababu hasa ya gesi ile ya zamani. Ikakutana tena na gesi yenye mgandamizo mkubwa, na kisima kikasimamishwa bila kufika kwenye uzalishaji. Msomaji wa haraka atasema hawakusoma jalada la 1971. Hapana. Walilisoma, ndilo lililowapeleka. Tatizo ni kwamba jalada moja ni shahidi mmoja. Linasema kwamba chini kuna mgandamizo, lakini halisemi unaanzia mita ya ngapi upande wa pili wa kisiwa, wala kama unatokana na maji yaliyofungiwa tangu kuzikwa kwa tope au na gesi iliyojisukuma kutoka chini zaidi. Sababu hizo mbili hutoa namba tofauti kwa mstari ule ule wa sauti. Mtaalamu Bowers alilieleza hilo vizuri mwaka 1995. Kwa takriban nusu karne hakuna aliyechoronga kisima cha pili hapo kumsaidia shahidi yule.

Kuna watakaopinga kwamba hoja hii imepitwa na wakati. Leo, watasema, meli hupiga mawimbi ya mtetemo juu ya bahari na kompyuta huchora kasi ya sauti kwa kila tabaka kabla kekee haijagusa sakafu. Ushahidi wao si mdogo. Kati ya 2010 na 2015 visima vingi vilichorongwa katika kina kirefu cha bahari ya Tanzania, miongoni mwavyo Zafarani, mahali ambapo maji peke yake yana kina cha mita 2,500 na zaidi. Huko kazi ni ngumu kuliko nchi kavu, kwa kuwa sehemu kubwa ya mzigo ulio juu ya mwamba ni maji mepesi, na nafasi kati ya tope jepesi mno na zito mno hubanwa. Visima vile havikuruka, na hazina iliyotangazwa ya nchi nzima, ambayo sehemu yake kubwa iko huko baharini, ni futi za ujazo zaidi ya trilioni 57. Lakini wachorongaji walikwenda kisima kwa kisima, kila kimoja kikisahihisha makadirio ya kinachofuata. Mawimbi yaliwapa mchoro, na visima vya jirani vikawapa namba za kuutia maana. Isitoshe, mchoro huo unategemea mwamba wa mfinyanzi. Mwamba wa chokaa haukazi kwa utaratibu ule wa Louisiana, na pwani yetu ina chokaa tele. Anayeuchukua mstari wa Louisiana akaulaza juu ya Lamu au Pemba bila kipimo cha hapo hapo anapima kanzu kwa mwili wa mtu mwingine.

Wengine watasema kwamba takwimu za visima ni siri ya biashara, na kwamba nchi ikizianika itauza bure kilicho ghali. Nakubali kwa kisima kipya. Mwekezaji aliyelipa ana haki ya kuvuna kwanza. Sikubali kwa kisima cha 1962 au cha 1977, ambacho mwenyewe aliondoka zamani na leseni yake ikaisha. Thamani ya jalada kama hilo kwa mnunuzi ni ndogo. Thamani yake kwa mwanafunzi wa jiolojia wa Dar es Salaam au Dodoma anayetaka kuchora mstari wa kawaida wa pwani yake mwenyewe ni kubwa mno. Bila mstari huo tutaendelea kuukodi pamoja na mtambo, kila mara leseni inapobadilisha mikono.

Litakuja swali la tatu, labda kutoka Shighatini kwenyewe: sisi huku milimani yanatuhusu nini? Kwa gesi, kwa kiasi cha taa, maana kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wa gridi ilitoka Songo Songo na baadaye Mnazi Bay. Kwa elimu, yanawahusu zaidi ya watu wa pwani. Ndiva ya Manoo karibu na Bangalala, na nyingine nyingi za milima hii, ziliishi kwa sababu watu walikumbuka ukuta upi ulibomoka, mvua ya mwaka gani, na maji yalipitia wapi. Kuta za udongo hubomoka kwa kanuni ya Terzaghi: maji yakipanda ndani yake, chembe huachiana. Aliyejenga upya juu ya ukuta uliobomoka alikuwa akisoma jalada la kisima kilichoruka, ila hakuliandika. Leo ndiva kadhaa zimejaa matope na vijana wameshuka mijini, na kumbukumbu ile inakwenda nao. Tunapoteza ya mdomo milimani, na ya maandishi tunaifungia kabatini pwani.

Sheria ya Petroli ya 2015 iliunda PURA kuwa msimamizi wa shughuli za utafutaji na uzalishaji. Mamlaka hiyo, pamoja na TPDC, haihitaji fedha nyingi wala sheria mpya ili kuanza. Yachukuliwe majalada ya visima vya Mafia, Unguja, Pemba na kile cha pili cha Songo Songo, yachapishwe uzito wa tope kwa kila kina, mahali gesi ilipoingia na siku kazi iliposimama, kisha nakala zipelekwe katika maktaba za vyuo vikuu kabla ya leseni nyingine kutolewa. Na Lamu, wenzetu wa Kenya wayafungue ya Pate, yote mawili, mashahidi wasimame pamoja.